Baiskeli mjini: Posta ya Dar au Mji Mkongwe wa Unguja?

Shemeji yangu anakuja kutoka Dodoma mwisho wa mwezi. Ana siku mbili za mapumziko na magoti yanayolalamika, naye anataka kitu kimoja tu: kupanda baiskeli taratibu katikati ya mji wenye bahari, asimame anapotaka, apige picha, anywe dafu, arudi. Akaniuliza, "Shemeji, nibaki Dar au nivuke Unguja?" Nikamjibu papo hapo: vuka. Usiku nikaanza kujishuku, maana njia zote mbili nimezipita mara nyingi na najua kila moja ina raha yake na karaha yake. Niliyomwandikia baadaye ndiyo haya, nimeyaongeza kidogo kwa ajili ya mwingine mwenye swali kama lake.

Kwanza ajue kwamba miji hii ni ndugu. Sultani Majid bin Said, akitawala kutoka Unguja, ndiye aliyeanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Boma la Kale unaloliona Sokoine Drive lilijengwa 1866 hadi 1867 kwa ajili ya wageni wake. Na ukiwa Unguja, ukishika barabara ya Bububu, utapita nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Majid huyohuyo mnamo 1860. Siku hizi inaitwa nyumba ya Livingstone, kwa kuwa mmisionari huyo alikaa humo 1866 akijiandaa kwa safari yake ya mwisho bara. Hata majina yanagongana: Mnazi Mmoja iko Dar, na Mnazi Mmoja iko Unguja.

Ndugu hao wakalelewa nyumba tofauti. Majid alifariki 1870, na Barghash aliyemfuata hakujishughulisha sana na Dar. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo, wakachora barabara zilizonyooka, pana, zenye miti. Mji Mkongwe haukuchorwa na mtu. Watu walijenga nyumba, kisha nyumba ya jirani, kisha ya binamu, na nafasi iliyobaki katikati ndiyo ikawa njia. Mwenye magurudumu mawili atahisi tofauti hiyo ndani ya dakika tano za kwanza.

Dar: Jumapili, kabla jua halijapata nguvu

Mimi huanzia Sanamu ya Askari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili. Siku isibadilishwe. Siku ya kazi mahali hapohapo ni honi, bodaboda, bajaji na watu wanaovuka bila kutazama, na hakuna raha yoyote ya kutafuta hapo. Jumapili Posta inalala. Unaweza kusimama katikati ya makutano ya Samora na Azikiwe, ukanyanyua shingo ukamtazama yule askari wa shaba: aliwekwa 1927 kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na singe yake imeelekea bandarini. Maandishi yako kwa Kiswahili na Kiingereza, na yapo pia ya herufi za Kiarabu. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Wissmann papo hapo. Ni watu wachache sana wanaopata nafasi ya kuyasoma maandishi hayo kwa utulivu, na baiskeli ya Jumapili inakupa nafasi hiyo.

Kutoka hapo unateremka kuelekea bandari. Kanisa la Azania Front, lile la Kilutheri lenye mnara wa vigae vyekundu, lilianza kujengwa 1898. Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la Wakatoliki, lilianza mwaka mmoja kabla. Yako karibu kiasi kwamba ukinyonga pedali mara chache umetoka kwa moja na kufika kwa jingine, na kama ni saa ya misa utasikia kwaya ukiwa barabarani. Boma la Kale liko mbele kidogo. Ukilifikia geuza, urudi na barabara ya Kivukoni ukiwa na meli upande wa kulia.

Pale Feri shuka. Sisemi kwa adabu tu, nasema kwa sababu ya lami: maji ya samaki na magamba hutiririka hadi barabarani, na tairi jembamba linateleza kama limepakwa sabuni. Ukitaka kuona mnada wa samaki, funga baiskeli nje na uingie kwa miguu. Ukitaka kuongeza safari, pantoni ya Kigamboni iko hapohapo, nayo hupakia baiskeli pamoja na waenda kwa miguu na kukuvusha kwa dakika chache. Mimi huvuka na kurudi bila kwenda popote, kwa ajili ya kuuona mji kutoka majini.

Baada ya Feri unapita Ikulu. Simu ibaki mfukoni, hapo hapapigwi picha. Halafu unaingia barabara ambayo wazee bado wanaiita Ocean Road, ingawa tangu 2013 jina lake ni Barack Obama. Sehemu hii ndiyo inayonifanya nimtetee Dar mbele ya mtu yeyote. Ni tambarare, ina miti, ina upepo, na asubuhi ya Jumapili wakimbiaji ni wengi kuliko magari. Utapita hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani 1897, ambako Robert Koch, yule daktari Mjerumani mtafiti wa vijidudu, aliwahi kufanya utafiti wake. Leo ndiyo taasisi ya saratani.

Sasa siri ndogo ya njia hii. Kwa kuwa sisi tunashika kushoto, ukienda kaskazini bahari inakuwa ng'ambo ya pili ya barabara. Ukirudi ndiyo unakuwa nayo ubavuni. Kwa hiyo kwenda, nenda bila kusimamasimama. Picha na dafu viache vya kurudi. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, liko hivyohivyo: kwenda unatazama mikoko na daraja la zamani la Salenda, kurudi unatazama Bahari ya Hindi yote. Lina urefu wa kilomita moja na mita thelathini hivi, na kwa magoti ya shemeji ndilo lenye mwinuko pekee wa kuutajataja. Ukishuka upande wa pili umefika ufukwe wa Coco. Kutoka Askari hadi hapo, pamoja na mzunguko wa Boma, hufikishi kilomita kumi.

Upepo nao una zamu zake. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, unasukumwa kwenda na unapigwa kifuani kurudi. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, mambo yanageuka: unatoka jasho kwanza, unarudi ukiwa umestarehe. Mimi na shemeji ni watu wa kaskazi.

Ukiwa na muda, ingia mtaa wa Shaaban Robert. Una kivuli kizuri, na umepakana na Bustani ya Mimea ambayo Wajerumani waliianzisha 1893, ukumbi wa Karimjee ulio karibu, na Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 1940. Ndani kuna habari za Zinjanthropus, lile fuvu la binadamu wa kale wa Olduvai lililogunduliwa na Mary Leakey 1959, na magari ya viongozi wetu wa mwanzo. Ila utafika mapema kabla milango haijafunguliwa, kwa hiyo yaweke mwisho wa safari.

Kuna watakaokwambia upande mwingine ni bora, barabara ya Morogoro kando ya mwendokasi, kwa kuwa kuna njia maalumu ya baiskeli. Ipo kweli, na mradi ule uliipatia Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Lakini tuzo haimwondoi bodaboda aliyeegesha katikati ya njia yako, wala aliyetandaza viatu vya mtumba juu yake. Kwa kwenda kazini inafaa. Kwa matembezi hapana.

Unguja: pikipiki ni vespa, baiskeli ni baskeli

Unguja kupata chombo ni rahisi kuliko Dar. Mji Mkongwe wanaokodisha wako wengi, Dar wengi wetu tunapanda za kwetu au tunaazima. Lakini kagua kabla hujalipa. Mwaka juzi nilikodi moja nzuri, rangi inang'aa, kengele inalia, nikaja kugundua karibu na soko la Darajani, mkokoteni wa ndizi ulipochomoza mbele yangu, kwamba breki ya nyuma ilikuwa ni jina tu. Niliokolewa na ndala. Tangu siku hiyo naisukuma baiskeli hatua tatu, nabana breki moja, kisha nyingine, mwenyewe ananitazama, ndipo natoa hela.

Halafu nikaingia vichochoroni. Kosa la kila mgeni ni hili: anaona njia nyembamba, nzuri, kuta za mawe na milango ya nakshi yenye vifundo vya shaba, anajiambia nitapita taratibu. Nilifika Kiponda nikipiga kengele kila kona. Mzee mmoja aliyekaa barazani akaniinulia mkono.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Teremka mwanangu, kona ile watoto wanatoka chuoni."

Nikateremka. Hazikupita sekunde kumi, wakamwagika, kofia na mabuibui madogo na juzuu kwapani, njia ikajaa ukuta kwa ukuta. Wenyeji wanapanda humo, tena na vespa, lakini wao wamezaliwa kwenye kona hizo na wanajua kila mlango unafunguka saa ngapi.

Kwa hiyo Mji Mkongwe wenyewe, zile hekta 96 zilizoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, uhesabu kuwa ni mahali pa kukokota baiskeli. Kama hilo linakuudhi, usivuke, baki Dar. Kama halikuudhi, utapata kitu ambacho Posta haiwezi kukupa hata kwa dawa: kila hatua ishirini kuna la kutazama. Kanisa la Mkunazini lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873, na Askofu Steere, aliyeisomesha Ulaya sarufi ya Kiswahili kwa kitabu chake, amezikwa nyuma ya altare. Ngome Kongwe waliijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Hamamni kuna mabafu ya Barghash. Jaws Corner kuna kahawa chungu, bao, na ubishi wa siasa na mpira. Egemeza baiskeli ukutani, kaa, na usiharakishe kutoa maoni. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, basi usiliweke kwenye ratiba ya kuingia kabla hujaulizia hali yake.

Kupanda kwenyewe kunaanza ukitoka pembezoni. Anza Darajani, shika Barabara ya Mkapa, ile ya Creek Road ya zamani. Upande mmoja una Mji Mkongwe, upande mwingine Ng'ambo, na jina Ng'ambo linaeleza kila kitu: hapa katikati palikuwa na mkono wa bahari, na Darajani palikuwa na daraja kweli. Mkono ule ulifukiwa, sasa tunapita tukiwa wakavu. Fuata barabara hadi Mnazi Mmoja (ya huku), ukazunguke Makumbusho ya Amani, jengo jeupe lenye kuba lililochorwa na J. H. Sinclair, kisha uingie Vuga kwenye barabara ya Kaunda, chini ya miti mikubwa, upite Mahkama Kuu ambayo nayo ni kazi ya Sinclair huyohuyo. Hapa ndipo mahali pekee pa Mji Mkongwe ambapo nimewahi kuendesha huku nikipiga mluzi. Shangani inabana tena, hasa barabara ya Kenyatta yenye magari na watalii. Forodhani unapumua. Mizingani una bahari ubavuni, Zahanati ya Kale yenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, na ule mti mkubwa uliopandwa mwanzoni mwa karne iliyopita.

Ukipita Malindi na bandari unaweza kuendelea hadi nyumba ya Livingstone, kisha magofu ya Maruhubi, kama kilomita nne kutoka mjini. Barghash alijenga kasri hapo, likaungua 1899, zimebaki nguzo na mabafu kati ya minazi. Mbele zaidi ni Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, dada yao Majid na Barghash, mwaka 1844. Magofu ni mazuri, barabara si nzuri: nyembamba, daladala zinapita karibu na bega, na kivuli kinakuja kwa bahati. Shemeji simpeleki huko. Kijana mwenye moyo aende, ila alfajiri.

Badala yake nitampeleka Ng'ambo, ambako wageni hawaendi. Barabara za Michenzani ni pana na zimenyooka, zinapita kati ya yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Wengine wanayaona ni ya kuchosha macho. Mimi nayapenda, hasa jioni, nguo zimeanikwa ghorofa nzima, watoto wanacheza mpira chini, na harufu ya urojo inatoka usiyoweza kujua wapi. Hapo unapanda baiskeli kama mtu wa kawaida wa mji ule, maana watu wazima wa Ng'ambo wanaitumia kwenda sokoni na msikitini, na hakuna anayekugeukia.

Mambo madogo yanayoamua

Pancha. Unguja, hasa Ng'ambo, hutembei mbali bila kumkuta fundi mwenye karai la maji, pampu na gundi. Posta ya Jumapili hakuna mtu. Mimi nilipata pancha juu ya Daraja la Tanzanite na nikakokota hadi jasho likaisha mwilini, huku wakimbiaji wakinipa pole mmojammoja. Dar beba pampu na viraka vyako; fundi wa uhakika atakuwa Kariakoo, na Kariakoo si njia yako.

Chakula. Dar dafu linakuja na baiskeli, muuzaji kalipanga kwenye keria nyuma yake, nanyi mnapeana salamu kama watu wa chama kimoja. Lakini mihogo ya Coco ni ya mchana na jioni. Aliyefika saa moja asubuhi ataangalia majiko yaliyozimwa. Beba chapati. Unguja ni kinyume chake, asubuhi utapata maandazi na kahawa, na jioni Forodhani ina juisi ya miwa, pweza na ile pizza yao ambayo haifanani na pizza yoyote. Mwezi wa Ramadhani yote haya yanahamia usiku, na ni uungwana kutokunywa maji hadharani mchana, hata kama jua linawaka na wewe ndiye mwenye pedali.

Nguo. Kaptura za kubana za waendesha baiskeli Ocean Road hakuna anayezijali. Mji Mkongwe na Ng'ambo vaa kitu kinachofunika magoti na mabega. Siku ya Ijumaa mchana usipite karibu na misikiti na baiskeli. Njia zinajaa, nawe utakuwa kero.

Mvua. Masika, Machi hadi Mei, sivuki wala sitoki. Vichochoro vya mawe vinateleza, na Dar maji yanajaa mahali usipotegemea.

Watoto. Hapa Dar inashinda bila ubishi, kwa sharti kwamba ni Jumapili na ni kabla ya saa tatu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuendesha mwenyewe Ocean Road akiwa kati ya watu wazima wawili. Barabara ya Mkapa pale Unguja nisingemruhusu.

Sasa shemeji. Magoti yake yanasema Dar: tambarare, ndefu, bila kupanda na kushuka kila mara, kwa maana kwa goti bovu kushuka kwenye baiskeli mara thelathini ni kazi kubwa kuliko kilomita kumi za mfululizo. Macho yake yanasema Unguja, kwa kuwa ni mtu wa kusimama kila mlango na kuuliza nani aliuchonga. Kama angekuwa na nusu siku tu ningemwambia abaki na asijute. Kama ni mara yake ya kwanza kuona bahari na ana siku nzima, avuke.

Ila ana siku mbili, kwa hiyo nimempangia hivi. Jumamosi apande boti ya asubuhi, saa mbili hivi za safari, baiskeli yangu aiache Dar maana kuipakia kama mzigo ni usumbufu na Unguja za kukodi zipo. Akokote Mji Mkongwe asubuhi, apumzike mchana, apande Ng'ambo hadi boti ya jioni iite. Jumapili saa kumi na mbili na nusu nitakuwa namsubiri chini ya Askari na baiskeli mbili, pampu na chapati nne. Nimeanza kuomba kaskazi iwahi.